Mkopo wa chuo, au tuuze shamba la kahawa?



*Mimi ni binti wa miaka 21, naishi Mbinga, mkoani Ruvuma. Nilimaliza kidato cha sita mwaka juzi, mchepuo wa ECA, nikapata daraja la pili. Mama hakuwa na uwezo wa kunipeleka chuo, na baba alishafariki nikiwa kidato cha pili, hivyo nikabaki nyumbani. Sasa hivi nakaa kwenye kibanda cha wakala wa fedha za simu cha dada mmoja hapa mjini, ananilipa shilingi 180,000 kwa mwezi.*

*Mwaka huu nataka kuomba shahada ya uhasibu Dar es Salaam. Nimepiga hesabu: ada, chakula, chumba, vitabu na fildi vinafika kama milioni 4 kwa mwaka, yaani milioni 12 kwa miaka mitatu. Nimeulizia mishahara, naambiwa mhasibu anayeanza kwenye kampuni binafsi analipwa 600,000, akibahatika 800,000. Kuna kaka wa jirani alimaliza uhasibu miaka minne iliyopita na mpaka leo anaendesha bodaboda. Ananiambia, "Usijitie kitanzi, deni la bodi haliishi." Baba mdogo naye anasema nisikope, tuuze ekari mbili za kahawa alizoacha baba, kuna mtu ana pesa mkononi. Mama analia tu.*

*Shangazi, je, mshahara wa 600,000 unalipa deni la milioni 12? Nikope, tuuze shamba, au nibaki na kibanda?*

*Binti wa Mbinga*

Mwanangu,

Hesabu zako umezipanga vizuri kuliko wengi wanaoniandikia wakiwa na digrii tayari kabatini. Ila umechukua deni zima la miaka mitatu ukaliweka mbele ya mshahara wa mwezi mmoja, kisha ukaogopa. Hata mimi ningeogopa. Deni la Bodi ya Mikopo halidaiwi kwa mtindo huo, na kabla hujaamua lolote inabidi ujue linavyodaiwa.

Ukishaajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi kila mwezi na kuipeleka Bodi mpaka deni liishe. Zamani makato yalikuwa asilimia 8, yakapandishwa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016. Watu walilalamika sana wakati ule, na walikuwa na haki. Lakini kilichokuwa kinawaumiza zaidi ni kitu kingine: tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kila mwaka juu ya deni. Mtu alikuwa anakatwa mwaka mzima, akiomba taarifa ya deni lake anakuta halijapungua kwa kiasi alichotarajia, na aliyekaa muda mrefu bila ajira alikuta limenenepa. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021, Rais Samia alipoitangaza Mei Mosi kule Mwanza, na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kulipa ikaondolewa mwaka huohuo. Kwa hiyo yule anayekwambia deni la bodi haliishi anakusimulia habari za kaka zake. Deni lako wewe, ukikopa leo, ukiambiwa ni milioni 10, mwakani ni milioni 10 hiyohiyo au pungufu.

Hebu sasa tuitazame salary slip yako ya kwanza, mstari kwa mstari. Tuseme umepata kazi ya 600,000 kwenye kampuni binafsi. Mstari wa kwanza ni NSSF, asilimia 10, yaani 60,000. Inabaki 540,000 ya kutozwa kodi. Kodi ya mshahara haigusi 270,000 za mwanzo. Zinazofuata mpaka 520,000 zinatozwa asilimia 8, ambayo ni 20,000. Kisha zile 20,000 zilizozidi hapo zinatozwa asilimia 20, ambayo ni 4,000. Jumla ya kodi ni 24,000. Mstari wa tatu ni Bodi ya Mikopo: asilimia 15 ya 600,000, ambayo ni 90,000. Unaona hapo kwamba Bodi inakata nyingi kuliko NSSF, na karibu mara nne ya kodi. Mkononi unabaki na 426,000.

Sasa toa chumba, nauli ya daladala kwenda na kurudi, chakula cha mchana cha kazini, gesi, vocha, na elfu chache za michango ya harusi ambazo Dar huwezi kuzikwepa. Ukiwa mtu wa kubana sana, tuseme vinakula 250,000. Umebaki na 176,000.

Mwanangu, hapo kibandani unalipwa 180,000, unalala kwa mama na kula kwa mama.

Hiyo ndiyo hesabu ambayo hakuna mtu anayekuonyesha siku ya kujaza fomu. Kwa mwaka wa kwanza, na pengine wa pili na wa tatu, digrii ya uhasibu inaweza isikuachie zaidi ya ulicho nacho leo. Na bado sijaweka ile miaka mitatu utakayokaa darasani bila mshahara wa kibanda: 180,000 mara miezi 36 ni 6,480,000. Hiyo nayo ni gharama ya chuo, hata kama haiandikwi kwenye risiti yoyote.

Ungekuwa unaniuliza kama mshahara wa kuanzia unalipa, ningekujibu haulipi, na ningefunga barua. Lakini hakuna anayesomea uhasibu kwa ajili ya mshahara wa kuanzia. Kibanda kimefika mwisho wake: dada mwenye mtaji hawezi kukupandishia mpaka milioni, hata umpende vipi. Mshahara wa mhasibu unapanda, ila haupandi wenyewe kama mti. Unapandishwa na cheti kimoja, na hicho sikukiona popote kwenye barua yako.

Nakusudia CPA(T), ile inayotolewa na NBAA, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Digrii ya uhasibu siku hizi wanayo wengi: IFM, TIA, Chuo cha Uhasibu Arusha, CBE, Mzumbe, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, UDOM, SAUT, wote wanatoa wahitimu kila mwaka, na wote wanagombea matangazo yaleyale. Chukua tangazo lolote la nafasi ya mhasibu mkuu, mkaguzi wa ndani au meneja wa fedha, usome mstari wa sifa. Utaikuta CPA pale. Hesabu za kampuni zinazopelekwa TRA zinahitaji kuthibitishwa na mhasibu aliyesajiliwa, na huyo si kila mwenye digrii. Mwenye digrii peke yake anaingiza risiti kwenye kompyuta, anapatanisha daftari la benki, anapeleka makaratasi yasainiwe na mwenye cheti. Ni kazi halali na ya heshima, lakini ndiyo hiyo ya 600,000, na unaweza kuifanya miaka kumi.

Habari njema ni kwamba shahada ya uhasibu inakusamehe ngazi ya chini ya mitihani ya NBAA. Unaanzia Hatua ya Kati, kisha Hatua ya Mwisho. Mitihani hufanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Ukishafaulu, usajili kamili unadai na uzoefu wa kazi wa miaka mitatu. Habari mbaya ni kwamba Bodi ya Mikopo hailipii mitihani hii. Kuna ada ya kujisajili, ada ya kila somo, vitabu, na madarasa ya mapitio ya jioni ambayo walio wengi huyahitaji. Na watu hurudia masomo. Wapo wanaomaliza kwa miaka miwili, wapo wanaokata tamaa baada ya kurudia somo la kodi au la ukaguzi mara ya tatu, na wapo, hawa ndio wengi ninaowafahamu, ambao hawakuanza kabisa, kwa sababu mshahara wa kwanza ulipoingia ulikuwa umeshapangiwa mambo mengine.

Tufanye umeivuka mitihani hiyo, una cheti na uzoefu, na mshahara umefika 1,500,000. NSSF 150,000, kodi 233,000, Bodi ya Mikopo 225,000. Mkononi 892,000. Na deni linakimbia kwa kasi. Ukiwa umekopa, kwa mfano, 10,200,000, kwa mshahara wa 600,000 ungelilipa kwa zaidi ya miaka tisa. Kwa 800,000 ungekatwa 120,000 kwa mwezi na kumaliza kwa miaka saba na mwezi mmoja. Kwa 1,500,000 humalizi hata miaka minne. Hiyo ndiyo tofauti ya deni hili na mengine: mshahara ukiwa mdogo linakudai kidogo, ukikua linakudai zaidi, na likisubiri halizai. Wakati huohuo bei za vitu zinapanda kila mwaka, kwa hiyo shilingi utakayoirudisha baada ya miaka saba ni nyepesi kuliko uliyopewa. Katika maisha yako hutapata tena fedha ya bei rahisi namna hii. Nenda kaulize benki. Au kaulize hao wa kausha damu wanaozunguka hapo sokoni Mbinga na vitabu vyao vya marejesho, uone watakutajia riba ya mwaka au ya mwezi.

Sasa yule kaka wa bodaboda. Usimcheke, wala usimfanye kipimo. Muulize maswali mawili kwa upole: fildi alifanya wapi, na amewahi kukaa kwenye mtihani wowote wa NBAA? Majibu yake yatakufaa kuliko ushauri wake. Ni kweli kwamba kumaliza uhasibu si kupata kazi, na hili sikufichi: unaweza kukaa mwaka mzima, hata miwili, ukipeleka barua. Sheria inakupa miezi 24 baada ya kumaliza kabla ya kutakiwa kuanza kurejesha. Anayejiajiri naye anadaiwa, si chini ya shilingi 100,000 kwa mwezi, na kwa mwenye bodaboda hiyo ni fedha nzito. Ninamwelewa anapokiita kitanzi.

Lakini wewe una kitu ambacho yeye pengine hakuwa nacho. Umekaa wakala. Kila jioni unapatanisha fedha taslimu na salio la simu, na ikipungua elfu tano unaijua imepotelea wapi kabla dada hajafika. Hiyo ni kazi ya mhasibu, hata kama hakuna aliyekuita hivyo. Na uko kwenye mji wa kahawa. Msimu ukifunguka, nenda ukasimame kwenye ofisi ya chama chochote cha ushirika cha wakulima, AMCOS, uangalie karani anavyohangaika: kilo za kila mkulima, makato ya pembejeo, malipo ya awali, malipo ya pili baada ya mnada, na wazee kumi mlangoni wanaotaka kujua kwa nini kwenye kitabu wameandikiwa pungufu. Vyama hivi vinakaguliwa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, na hati chafu huwatoa viongozi madarakani. Anayeweza kufunga vitabu vyao vikakubalika ana kazi. Ndiyo maana naona fildi yako ifanyike huko, au halmashauri, au SACCOS, si kwenye ofisi ya ghorofani Posta utakakotumwa kutoa fotokopi wiki nane.

Nije kwenye shamba. Hapana. Hilo msiliuze.

Kwanza ni hesabu tu. Mbuni unachukua miaka mitatu hadi minne tangu kupandwa mpaka kuanza kuzaa vizuri, na wa baba yako unazaa sasa. Mnataka kuuza kitu kinachoingiza fedha kila msimu ili kukwepa mkopo usio na riba. Hakuna mwalimu wa uhasibu atakayekupa maksi kwa hilo. Mavuno ya hizo ekari mbili ndiyo yatakayofidia pengo la chuo, na baadaye ndiyo yatakayolipia mitihani ya NBAA.

Pili, hili naliandika polepole ili mama yako asome vizuri. Mali ya marehemu haiuzwi kwa sababu mdogo wake amempata mtu mwenye pesa mkononi. Inauzwa, kama ni lazima, na msimamizi wa mirathi, na kwa masilahi ya warithi, yaani mama yako na ninyi watoto. Kama familia haijafungua mirathi Mahakama ya Mwanzo, mkaifungue. Simtuhumu baba mdogo wako; huenda anakupenda kwa moyo wake wote. Ila umesema mnunuzi keshapatikana na bei hukuitaja, na mimi nikiona barua yenye mnunuzi bila bei, huwa nasoma mara mbili.

Kuhusu mkopo wenyewe, usitegemee kupewa zote milioni 4. Bodi inapima uwezo wa familia, na fani za biashara haziko kwenye kundi la kwanza la kipaumbele kama udaktari au ualimu wa sayansi. Lakini umefiwa na baba, na hilo linahesabika, ilimradi liwe kwenye karatasi. Cheti cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha baba lazima vihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kabla ya kuambatishwa kwenye maombi. Kila mwaka kuna watoto yatima wanaopangiwa fungu dogo kwa sababu cheti cha kifo hakikuhakikiwa, au jina la baba kwenye cheti cha kifo linatofautiana na lile la cheti cha kuzaliwa, Yohana huku, John kule. Linganisha majina leo, kabla dirisha halijafunguliwa, kwa sababu kurekebisha jina kunachukua muda. Fomu itahitaji pia saini ya serikali yako ya kijiji au mtaa, na mdhamini. Wakikupangia kidogo usilie. Kuna dirisha la rufaa.

Na kwa nini lazima Dar? Hukuniambia, na nadhani hukujiuliza. TIA ina kampasi Mbeya na Mtwara, na mtihani wa NBAA haukuulizi ulisomea mji gani. Kiwango cha Bodi cha chakula na malazi ni kilekile, hadi shilingi 10,000 kwa siku, uwe Dar au Mtwara, ila chumba cha Mtwara si cha Dar. Ukiwa na ndugu Mbeya wa kukuhifadhi mwaka wa kwanza, utaweza hata kubakiza. Wenzako wakipokea bumu, yaani hiyo fedha ya kujikimu, watakwenda Kariakoo kununua simu. Wewe bumu likitoka, tenga kitu, hata elfu thelathini kila awamu, kwa jina moja tu: NBAA. Lifanye tangu muhula wa kwanza. Ukisubiri mpaka uajiriwe utajiunga na wale niliowataja juu, ambao hawakuanza kabisa.

Kama Bodi itakupangia ada nusu na chakula kidogo, na rufaa ikagonga mwamba, hapo ndipo ningekuambia usubiri mwaka mwingine kibandani ukiweka akiba na fedha za msimu. Stashahada nimeifikiria, nikaiacha: mikopo ya stashahada ilipoanza mwaka 2023/24 ililenga fani kama afya, ualimu, usafirishaji, nishati, madini na kilimo, kwa hiyo ungejilipia mwenyewe kila kitu, kisha bado urudi kuitafuta shahada.

Jibu langu basi: kopa, soma uhasibu, usisomee Dar kama huna sababu, na usiingie chuo bila mpango wa CPA. Kama unajijua kwamba ukishapata digrii hutarudi tena kwenye chumba cha mtihani, baki na biashara. Mkusanye mtaji wewe na mama, ufungue kibanda chako mwenyewe, na hakuna atakayekudharau mwenye akili.

Mama yako mwambie aache kulia, avae vizuri, mwende naye kwa baba mdogo mkiwa wawili. Msalimieni, mshukuruni kwa kuwajali, kisha mwambieni shamba haliuzwi, ila mtahitaji mdhamini wa kusaini fomu ya mkopo. Atakavyolijibu ombi hilo, niandikie.